Moto mdogo unaoweza kufika Ngungu

Siku ya soko, hapa Ngungu, papa mmoja alinisimamisha kando ya barabara. Simu ilikuwa mkononi, kioo chake kimepasuka. Akaniambia: "Mwandishi, wewe unayesoma mambo ya mbali, angalia hii. Ni kweli ao ni uongo?"

Ilikuwa video iliyotumwa kutoka simu hadi simu. Mtu amelala mezani. Munganga anamchoma sindano ndefu ubavuni, macho yake hayako kwenye sindano bali kwenye kioo cha mashine. Sauti inasema kansa imechomwa kwa moto ndani ya mwili, bila kisu, na mgonjwa atarudi nyumbani kesho.

Papa yule akanieleza kwamba mke wake anatokwa damu kwa miezi mingi sasa, ingawa alikwisha kuacha kuona siku zake. Mgongo unamuuma, usiku halali. Ng'ombe wao walichukuliwa wakati wa vita, amebaki mmoja. Alikuwa tayari kumuuza huyo mmoja. Alitaka nimwambie jambo moja tu: ampeleke mama wapi ili achomwe kansa kama kwenye video.

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe siku chache. Nikauliza wauguzi ninaowajua, nikasoma, nikauliza tena. Leo ninaandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu nyote mnaosoma ao kusomewa haya, mlio nyumbani na mlio chini ya maturubai.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Video ni ya kweli, lakini moto ule si wa ugonjwa wa mama yule, na hauko karibu nasi. Kuna moto mwingine, mdogo zaidi, wa bei ndogo, unaobebwa mkononi. Huo ungeweza kufika Ngungu. Kama ungekuwa umefika miaka kumi iliyopita, pengine papa yule asingekuwa anatafuta mnunuzi wa ng'ombe. Maoni yangu ni kwamba tuuombe huo, tuuombe kwa sauti, na tusikubali kuambiwa kwamba vita viishe kwanza.

Moto wa kwenye video

Kwanza tuelewe tulichokiona. Munganga anaingiza sindano mpaka katikati ya uvimbe, mara nyingi kwenye ini, figo ao pafu. Ncha ya sindano inapata joto kwa nguvu ya umeme ao mawimbi. Nyama ya mwili inapofika nyuzi 60, seli zake zinakufa palepale. Uvimbe unaiva ndani, kama kiazi kilichofunikwa majivuni, na mwili unausafisha polepole.

Kwa sababu munganga haoni ndani ya tumbo, anahitaji picha ya kumwongoza. Ndiyo ile mashine aliyokuwa akiitazama. Inaweza kuwa skana, na inaweza kuwa ekografi, ileile ambayo mama zetu wanapimwa nayo mimba. Bila picha, sindano inaweza kutoboa utumbo ao mshipa mkubwa wa damu.

Matibabu haya yana mipaka. Kwa ini, yanafaa zaidi uvimbe ukiwa mdogo, usiozidi sentimita 3 hivi, na ini lenyewe likiwa bado na nguvu. Sisi tunajua wagonjwa wetu wa ini wanafika hospitalini wakiwa katika hali gani: tumbo limejaa maji, macho ya manjano, miguu imevimba. Wakati huo hata hospitali za Ulaya zisingewachoma sindano hiyo.

Tena kinachohitajika si sindano peke yake. Anahitajika munganga aliyefundishwa miaka, umeme usiokatika, maabara, na picha za kufuatilia baadaye. Hata Tanzania, nchi yenye amani, kazi hii ya kutibu kwa sindano inayoongozwa na picha ni changa. Chuo Kikuu cha Muhimbili cha Dar es Salaam kilianza kuwafundisha waganga wake wenyewe mwaka 2019, wakisaidiwa na waganga waliotoka Marekani. Nao walianza na kazi za msingi: kuchukua kipande cha uvimbe kwa ajili ya maabara, kutoa usaha, kufungua njia ya nyongo ao ya mkojo iliyoziba.

Ninasema hivi ili mtu asiuze shamba kwa sababu ya video. Kwa kansa ya ini, kinga iliyo mkononi mwetu ni ya kawaida sana. Chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ndani yake mna kinga ya hepatiti B, ugonjwa unaozaa kansa ya ini. Na mahindi ao karanga zilizoota ukungu tusile. Ukungu ule una sumu inayoharibu ini, na kupika hakuimalizi. Najua ni vigumu kumwambia mtu mwenye njaa atupe mahindi. Lakini mwenye nafasi ya kukausha vizuri akaushe, na anayetuletea msaada asituletee gunia lililolowa.

Moto mwingine

Sasa turudi kwa mke wa papa yule. Dalili zake zinawafanya wauguzi wafikiri kwanza juu ya kansa ya shingo ya kizazi, yaani ule mlango ambao mtoto anapitia akizaliwa. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2022 wanawake karibu 660,000 duniani walipata kansa hiyo, na karibu 350,000 walikufa. Katika kila 100 waliokufa, 94 walikuwa katika nchi zenye pato dogo ao la kati, nchi kama yetu.

Kansa hii inaletwa na virusi vinavyoitwa HPV, vinavyopita kwa tendo la ndoa. Hapa nataka wababa wasikilize vizuri. Karibu kila mtu aliyewahi kulala na mtu amekutana na virusi hivi wakati fulani, mwanaume kwa mwanamke. Wengi mwili unavifukuza wenyewe. Kwa hiyo mama akiambiwa anavyo, si alama ya uzinzi. Anaweza kuwa alivipata kutoka kwako, nawe hujui kwamba ulikuwa navyo.

Vikikaa, havileti kansa kesho. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, safari kutoka virusi hadi kansa inachukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na virusi vya UKIMWI bila dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Katika miaka hiyo yote kuna kidonda kidogo, kisichouma na kisichotoa damu, ambacho bado si kansa. Mama analima, anabeba mtoto, anakimbia vita, na kidonda kinakaa pale.

Kidonda hicho kinaweza kuonekana. Muuguzi anapaka siki iliyopimwa nguvu yake kwenye shingo ya kizazi, anangoja dakika moja hivi, anaangalia kwa taa. Sehemu iliyoharibika inageuka nyeupe. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linapendelea kipimo cha HPV chenyewe, kwa sababu kinakosea kidogo kuliko jicho, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani. Ile mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu inaweza kupima HPV pia, ikipewa vifaa vyake. Lakini pale ambapo kipimo hicho hakipo, siki na jicho lililofundishwa bado vinaokoa.

Na hapo ndipo unapoingia moto mdogo. Ni kifaa chenye umbo la tochi ao bastola, chenye ncha ya chuma, kinachotumia betri. Ncha inapata joto la nyuzi 100 hivi. Muuguzi anaigusisha kwenye sehemu ile iliyoharibika kwa sekunde 20 hadi 30, na kama sehemu ni kubwa anarudia mpaka ienee yote. Imekwisha. Hakuna kisu, mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, kwa sababu sehemu hiyo haina hisia kali ya kuungua. Wengi wanasikia maumivu kama ya siku zao, halafu yanapita. Mama anatoka kwa miguu yake.

Jambo hili si la majaribio ya jana. Mjerumani mmoja, Kurt Semm, alilianzisha katika miaka ya 1960. Kwa muda mrefu nchi maskini zilitumia zaidi njia ya baridi kali, ambayo inataka mitungi mikubwa ya gesi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaokubali kifaa cha joto kwa vidonda hivi. Malawi wanakitumia. Zambia walikilinganisha na ile njia ya baridi kwa wanawake wa Lusaka, na joto halikushindwa. Mwaka huohuo wa 2019 mashirika Unitaid na CHAI yalipatana na watengenezaji, bei ya kifaa ikashuka chini ya dola 1,000. Hiyo si bei ya hospitali. Ni bei ya ng'ombe wachache.

Kwa nini unatufaa sisi tunaokimbia

Nimesikia mara nyingi hoja kwamba mambo ya kansa ni ya watu waliotulia. Nafikiri ni kinyume.

Mtu aliyetulia anaweza kuambiwa: leo tumechukua kipimo, rudi baada ya mwezi kwa majibu, halafu tukupeleke mjini, halafu urudi tena. Mwanamke wa Ngungu hawezi kuambiwa hivyo. Kati ya kipimo na majibu, kijiji kinaweza kuwa kimehama. Nani kati yetu hajahama? Wapo waliokimbilia Minova, wapo waliofika Sake, wakasukumwa mpaka kambi za kando ya Goma. Kisha Januari 2025 Goma yenyewe ikachukuliwa na M23, na mwezi uliofuata watu wa kambi kama Bulengo wakatakiwa kurudi walikotoka, wengine kwenye nyumba zisizo na mabati. Karatasi za hospitali zilibaki wapi? Ziliwasha moto, ziliota na mvua, zilisahaulika chini ya godoro.

Kwa hiyo kwetu dawa nzuri ni ile inayopima na kutibu siku ileile. Mama anaingia asubuhi, anapimwa, kama kidonda kipo na kinafaa anachomwa, mchana anarudi kwa watoto. Vita vikija wiki inayofuata, ameshatibiwa tayari. Hakuna aina nyingine ya matibabu inayoheshimu maisha ya mtu anayekimbia kama hii.

Na kifaa chenyewe kinakimbia nasi. Tumeona vituo vya afya vikiporwa: magodoro, friji, darubini, hata milango. Mashine ya kilo mia mbili inabaki na kuharibiwa. Kifaa hiki na betri yake vinaingia kwenye begi la mgongoni la muuguzi. Akifika anakokwenda, akapata meza, taa na maji safi ya kuchemsha vyombo, kazi inaendelea. Betri inaweza kuchajiwa kwa jua, kama tunavyochaji simu.

Kuna jambo la mwisho chini ya kichwa hiki, na naliandika kwa uzito. Vita vyetu vimepita juu ya miili ya wanawake. Waliobakwa wamepewa, pale walipofika kwa wakati, dawa za kuzuia mimba na UKIMWI. Hiyo ni haki yao. Lakini virusi vya HPV havina dawa ya saa 72, na madhara yake yanakuja baada ya miaka, wakati hakuna tena anayeuliza habari zao. Panzi ya Bukavu, hospitali ya Daktari Denis Mukwege aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, imewafundisha walimwengu kwamba mwanamke aliyeumizwa anahitaji kufuatiliwa kwa muda mrefu. Kipimo hiki kingekuwa sehemu ya huo ufuatiliaji. Kifanywe na muuguzi mwanamke, mlango umefungwa, na mama akisema hapana, hapana yake isikilizwe.

Wanaosema kuna mambo ya haraka zaidi

Muuguzi mmoja aliniambia bila kunificha: "Sina hata parasetamoli ya kutosha, wewe unaniletea habari za kansa?" Simlaumu. Kipindupindu kinaua kwa saa chache, malaria kwa siku chache. Mtoto mwenye utapiamlo hawezi kungoja makala yangu.

Lakini nataka nimjibu kwa upole. Vita hivi si vya mwaka mmoja. Mtoto aliyezaliwa wakati ndugu zetu walipoanza kukimbia mara ya kwanza leo ni mzazi. Kama dharura inachukua miaka thelathini, basi kansa inayochukua miaka kumi na tano imeshapata nafasi ya kuanza na kumaliza kazi yake mara mbili ndani ya dharura hiyohiyo. Kusema "tungoje amani" ni kusema kwamba kizazi kizima cha wanawake wa Masisi hakitapimwa kamwe.

Tena kazi hii haiondoi muuguzi kwenye malaria. Siku moja kwa mwezi inatosha kuanza. Na ugonjwa ulioachwa mpaka ukomae ndio unaomaliza mali. Nilikuwa na shangazi. Alianza kutokwa na maji yenye harufu, akajificha. Kwenye kituo kimoja alipewa vidonge vya maambukizi, akarudi, akapewa tena vidonge vilevile, bila mtu kumwangalia hata mara moja. Majirani wakasema ni karuho, mtu amemtilia sumu. Tulizunguka kwa waganga wa majani, tukauza mbuzi, tukauza kipande cha shamba. Mjomba akagombana na jirani aliyeshukiwa, na mpaka leo familia hizo mbili hazisalimiani. Siku alipoangaliwa kwa mara ya kwanza, muuguzi alitoka chumbani akiwa kimya. Shangazi hakumaliza mwaka.

Mimi sijui kama kidonda chake kingeonekana mapema. Najua hakuna aliyekitafuta.

Tusidanganyane juu ya mipaka

Kwa kuwa naomba kitu, lazima niseme pia kisichowezekana. Moto huu mdogo hautibu kansa. Unatibu kidonda kabla hakijawa kansa. Ukitumika juu ya kansa iliyokwisha kukomaa, unaficha ugonjwa na kupoteza wakati wa mgonjwa. Ndiyo maana muuguzi anatakiwa afundishwe kuangalia, na awe na ujasiri wa kusema: hiki si changu, huyu aende mbele.

Hata kidonda kisicho kansa, si kila kimoja kinafaa. Kama kimeingia ndani ya njia ya kizazi mpaka mwisho wake hauonekani, ao kimeenea karibu sehemu yote, mama anahitaji matibabu mengine hospitalini. Mwenye mimba anangoja mpaka ajifungue. Baada ya kuchomwa, maji yanatoka kwa wiki kadhaa, na mume anatakiwa avumilie kwa muda wa mwezi hivi, mpaka papone. Hapo ndipo mume asiyeelezwa anapoleta ugomvi, na mama anayeogopa ugomvi anakataa matibabu. Basi wababa waelezwe. Baada ya mwaka mmoja mama apimwe tena, kwa sababu kuna wachache ambao kidonda kinarudi.

Na moto wenyewe usichanganywe na kuchoma mwili kwa chuma kilichotiwa makaani. Akitokea mtu kijijini akisema ana "moto wa kansa", msimpe mwili wenu wala pesa zenu. Kifaa kinashikwa na muuguzi aliyefundishwa, kwenye kituo cha afya, baada ya kipimo.

Tunachoomba

Naandika kama mkaaji wa Ngungu, si kama munganga. Naomba mambo manne, na ninafikiri yanawezekana hata katika hali hii.

La kwanza, wakubwa wa zoni ya afya na mashirika yanayotusaidia waweke kifaa hiki na vyombo vyake kwenye orodha ya misaada ya wilaya ya Masisi. Tunaona magari yakileta maturubai, ndoo, sabuni, na tunashukuru. Dola 1,000 ndani ya gari moja la misaada si kitu cha kuvunja bajeti. Madaktari Wasio na Mipaka, ambao tumewazoea Masisi kwa miaka mingi, wamewahi kufanya kazi ya kansa ya shingo ya kizazi kule Blantyre, Malawi. Ujuzi basi upo ndani ya nyumba yao wenyewe.

La pili, wafundishwe wauguzi wawili kwa kila kituo, si mmoja. Mmoja akikimbia upande huu na mwingine upande ule, kazi isife. Na angalau mmoja awe mwanamke.

La tatu, kila mama aliyepimwa apewe kadi ndogo ya kukaa naye, kama kadi ya chanjo ya mtoto, ifunikwe kwa plastiki. Iandikwe tarehe, alichokutwa nacho, alichofanyiwa. Daftari la kituo linaweza kuungua. Kadi iliyo kiunoni mwa mama inafika naye.

La nne, waliokutwa na kansa iliyokomaa wasiachwe. Hospitali yenye mashine ya mionzi iko mbali, na mipaka haifunguki kwa kila mtu. Kigali, kwenye hospitali ya kijeshi ya Kanombe, mionzi ilianza mwaka 2019, lakini safari na malipo si ya mtu wa hema. Angalau wapewe dawa ya maumivu. Uganda, kuanzia mwaka 1993, shirika la Hospice Africa linawapa wagonjwa mofini ya maji ya kunywa, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika. Chupa ya maji ya mofini haihitaji lami wala uwanja wa ndege. Mtu asife akipiga kelele usiku, na watoto wake wakisikia.

Na sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Mama zetu wa likelemba wanaweza kuzungumza jambo hili siku wanayokutana. Wachungaji, mapadri na maimamu wanaweza kusema kwamba kupimwa si aibu. Redio zetu zinaweza kutoa dakika tano kwa wiki. Mwanamke mwenye miaka 30 na zaidi apimwe hata kama haumwi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze na miaka 25. Na wasichana wetu wana haki ya chanjo ya HPV. Rwanda waliianza nchi nzima mwaka 2011, na tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linasema hata dozi moja inaweza kumlinda msichana. Tuidai pia.

Nilimrudia papa yule siku ya nne. Nilimwambia asiuze ng'ombe kwa ajili ya video. Nikamwambia ampeleke mama aangaliwe, achukuliwe kipande cha nyama kwa maabara, wajue kwanza ni nini na kimefika wapi, kwa sababu kuna hatua ambazo upasuaji bado unasaidia. Walipanda pikipiki asubuhi iliyofuata, na deni la nauli. Bado nangoja habari zao.

Kabla hajaondoka aliniuliza swali lingine. Ana binti watatu walioolewa, wa kwanza ana miaka 34. Aliuliza kama nao wanaweza kupimwa sasa hivi, hapa Ngungu, wakiwa bado hawaumwi.

Hilo ndilo swali ninalowapelekea wenye uwezo wa kulijibu.